Ivishe Nyumba Yako Koti



Kama unakaa Makete, Njombe, Lushoto au Mbulu, huhitaji kuambiwa baridi ni nini. Mwezi wa Juni na Julai unaijua mwenyewe. Kwenye uwanda wa Kitulo, alfajiri nyingine majani huwa meupe kwa umande ulioganda.

Usiku kama huo watoto hulala watatu chini ya blanketi moja. Usiku wa manane mdogo wao anaanza kukohoa. Mama anaamka. Anagusa ukuta, ukuta ni baridi kama jiwe la mtoni. Anatazama juu, bati linadondosha matone kitandani, ingawa nje hakuna mvua.

Mama huyu afanye nini? Wengi wetu hufanya mambo mawili. Kwanza, huziba kila tundu kwa matambara na magunia. Pili, huingiza jiko la mkaa chumbani, watu wakalala. Tunafanya hivyo kwa kuwapenda watoto wetu. Lakini mambo hayo mawili yakikutana katika chumba kimoja yanaweza kuua.

Leo tutaeleza njia nyingine. Hatutaongeza moto wala kuziba hewa. Tutaivisha nyumba yenyewe koti. Koti hilo linashonwa kwa udongo, majani makavu na mianzi. Vitu hivyo viko kijijini kwako.

KWA NINI JIKO LA MKAA NI HATARI

Mkaa unapowaka chumbani hutoa hewa yenye sumu. Wataalamu huiita kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina rangi. Haina harufu. Huwezi kuiona wala kuinusa. Chumba kikiwa kimefungwa, sumu hujaa kidogo kidogo. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hukosa nguvu. Aliye usingizini hasikii lolote. Anaweza asiamke tena.

Ukikuta mtu katika hali hiyo, fungua mlango na madirisha mara moja. Mtoe nje penye hewa safi. Mpeleke zahanati au hospitali bila kuchelewa.

Moshi wa kuni nao una madhara yake. Moshi huumiza mapafu ya mtoto mchanga na ya mama anayempikia. Mapafu yaliyoumizwa na moshi hayana nguvu ya kupigana na vijidudu vya homa ya mapafu, yaani nimonia. Kumbuka kwamba nimonia huletwa na vijidudu, si baridi peke yake. Lakini chumba chenye baridi huwasukuma watu kukaa kwenye moshi, kulala wamesongamana na kufunga hewa. Hapo vijidudu hupita kwa urahisi kutoka kifua kimoja hadi kingine. Kifua kikuu nacho husambaa vivyo hivyo.

Basi nyumba njema ni ile inayotunza joto na kuingiza hewa safi. Mambo hayo mawili yanawezekana pamoja.

JOTO HUTOKAJE NDANI YA NYUMBA?

Mtazame kuku asubuhi ya baridi. Ametuna kama mpira. Amesimamisha manyoya yake. Kwa nini? Kati ya manyoya kuna hewa iliyotulia. Hewa iliyotulia hairuhusu joto kupita haraka. Blanketi lako linafanya kazi hiyo hiyo. Blanketi halina moto ndani yake. Linazuia tu joto la mwili wako lisikimbie.

Majani makavu, mabua ya ngano na nyasi za kuezekea yana hewa nyingi ndani yake. Kwa hiyo majani ni blanketi la nyumba.

Sasa gusa jiwe la mafiga saa moja baada ya moto kuzimika. Jiwe bado lina joto. Udongo, mawe na matofali hupokea joto polepole na kulitoa polepole. Kwa hiyo udongo ni ghala la joto.

Ukishika mambo haya mawili, umeelewa somo lote. Ukuta wako wa matofali ni ghala. Mchana unapokea joto la jua linaloingia dirishani na joto la watu. Lakini usiku ghala hilo halina mlango. Baridi ya nje inalifyonza joto lote. Tukiuvisha ukuta blanketi la majani kwa upande wa nje, joto litabaki ndani.

Zingatia neno hilo: kwa nje. Mtu havai shati juu ya koti. Blanketi likikaa nje, ghala linabaki ndani pamoja na watu.

WAZEE WALIJUA JAMBO HILI

Elimu hii si ngeni kwetu. Wagogo wa Dodoma walijenga tembe. Paa la tembe ni tambarare, limewekwa magogo na fito, kisha likafunikwa udongo mnene. Mchana jua la Dodoma linachoma, ndani ya tembe kuna ubaridi. Usiku nje kuna baridi, ndani kuna joto.

Wachagga wa zamani, kwenye baridi ya mlima Kilimanjaro, walijenga nyumba za majani tangu kileleni hadi karibu na ardhi. Nyumba nzima ilikuwa blanketi. Pwani nako, nyumba za mawe za Zanzibar na Lamu zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta hizo huzuia joto la mchana lisiingie.

Kisha tulipata bati na tofali la kuchoma. Ni vitu vizuri. Bati halivuji, haliozi kama majani, wala haliungui kwa cheche. Lakini bati ni jembamba sana. Mchana linachoma kama kikaango. Usiku linapoa haraka. Pumzi ya watu walio chini yake hugeuka maji, maji hudondoka. Hayo ndiyo matone aliyoyaona yule mama.

Hatusemi urudi nyuma. Tunasema chukua uzuri wa bati na uchukue pia akili ya wazee. Wazee walikosea jambo moja. Katika nyumba nyingi za zamani moshi haukuwa na njia ya kutokea, na mifugo ililala na watu. Hayo tusiyarudie.

ANZA NA PAA

Joto hupanda juu. Kwa hiyo nyumba hupoteza joto jingi kupitia paa. Kama mwaka huu una nguvu ya kazi moja tu, fanya ya paa. Ukuta ungoje mwaka ujao.

Kama umeezeka kwa majani, hakikisha majani ni manene. Unene wa shubiri moja unafaa, yaani kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, mkono ukiwa umetanuliwa. Paa liwe na mwinamo mkali ili maji yakimbie. Paa la majani lililolala hunyonya maji na kuoza.

Kama una bati, usitupe majani juu yake. Majani hayo hushika maji, na bati hupata kutu mapema. Jenga dari chini ya bati. Fanya hivi:

1. Pima boriti zako. Dari ni mzigo. Kwa mfano, chumba cha mita 3 kwa mita 3 kikiwekewa udongo mtupu wenye unene wa sentimeta 10, mzigo wake hupita kilo 1,000. Mzigo huo ukianguka usiku utaleta msiba. Ndiyo sababu tunatumia majani yaliyopakwa udongo, si udongo mtupu. Hata hivyo boriti ziwe imara, zisizo na dumuzi wala ufa. Mwite fundi wa kijiji azikague.

2. Panga mianzi iliyopasuliwa juu ya boriti, au fito, au matete. Ifunge kwa waya au kamba imara. Mianzi ya ulanzi inafaa. Ikate wakati wa kiangazi na uiloweke majini kwa wiki kadhaa kabla ya kuikausha. Kuloweka hupunguza utamu wake, na wadudu hawaipendi.

3. Tandika juu yake majani makavu yaliyochovywa katika uji wa udongo. Jinsi ya kutengeneza uji huo tutaeleza hapa chini. Unene uwe kama upana wa kiganja.

4. Yakishakauka, paka juu yake udongo mwembamba, unene wa kidole kimoja. Udongo huo huzuia cheche, vumbi na panya.

5. Acha nafasi kati ya dari na bati, na acha matundu madogo pande mbili chini ya paa ili hewa ipite hapo juu. Unyevu utatoka na dari haitaoza. Matundu hayo yafunike kwa wavu wa waya.

Usijenge dari ya majani juu ya moto wa kupikia. Jiko la kuni liwe na nyumba yake, au liwe na bomba linalotoa moshi nje. Dari ya majani iwe mbali na bomba hilo.

Wewe unayekaa Dodoma, Tabora au Pwani, usiseme somo hili halikuhusu. Dari hiyo hiyo huzuia joto la bati wakati wa mchana. Mgonjwa na mtoto mchanga watapumzika vizuri.

SASA UVISHE UKUTA

Chagua wakati. Katika Nyanda za Juu Kusini mvua huanza Novemba. Kazi ya ukuta ianze mara mvua za masika zikikatika, imalizike kabla ya Oktoba kwisha. Koti linahitaji jua na upepo likauke.

Kwanza utazame ukuta wenyewe. Je, umepinda? Una ufa mkubwa? Umelowa chini? Tengeneza kasoro hizo kwanza. Usiuvishe ukuta mgonjwa, kwa maana utaficha ugonjwa, hutauponya.

Kiti cha koti. Koti lisiguse ardhi. Jenga kiti cha mawe au matofali ya kuchoma kuzunguka nyumba, chenye kimo cha sentimeta 30 hivi. Maji ya mvua yanayoruka kutoka chini yatapiga mawe, hayatapiga majani. Pia utaweza kuona njia za udongo za mchwa wakijaribu kupanda. Ukiziona, zibomoe na utafute kichuguu chao.

Mbavu za koti. Simamisha mianzi au miti myembamba juu ya kiti hicho, mbali na ukuta kwa upana wa kiganja. Kati ya mti na mti pawe na sentimeta 60. Juu uifunge kwenye boriti ya paa. Katikati uifunge kwa waya kwenye vigingi vilivyopigiliwa ukutani. Kisha funga fito za kulala, kama unavyofanya nyumba ya kukandika. Kati ya fito na fito pawe na shubiri moja.

Uji wa udongo. Tafuta udongo wa mfinyanzi, ule unaonata. Usichukue udongo mweusi wa juu wa shambani, maana huo una mboji na hufaa mazao. Jaribu hivi: finyanga udongo mbichi uwe kama nyoka mnene kama kidole. Ukikatika mara moja, una mchanga mwingi. Ukining'inia bila kukatika haraka, unanata vizuri. Loweka udongo huo kwenye pipa usiku kucha. Asubuhi ukoroge mpaka uwe kama uji mzito. Tumbukiza mkono wako kisha uutoe. Mkono ukiwa umevaa udongo hata mistari ya kiganja haionekani, uji uko tayari.

Majani. Tumia mabua ya ngano au nyasi kavu za kuezekea. Yawe makavu kabisa. Yasiwe na punje, kwa sababu punje huita panya. Yamwage juu ya turubai, mimina uji wa udongo kidogo kidogo, geuza kwa uma wa shamba mpaka kila jani lipakwe. Yasichuruzike maji. Yakichuruzika, yaache kwanza yajichuje.

Kujaza. Jaza majani hayo kati ya mbavu na ukuta. Shindilia kwa mkono au kwa kijiti, lakini usishindilie kama sakafu. Ukibana mno utaifukuza ile hewa, na hewa ndiyo blanketi. Panda kidogo kidogo mpaka chini ya paa. Usiache mwanya popote. Mwanya mmoja ni kama tundu kwenye blanketi. Pembeni mwa madirisha na milango jaza kwa uangalifu zaidi.

Subira. Sasa ngoja. Koti likauke kwa wiki 4 au zaidi, kulingana na jua. Ukiona majani machache yanachipua ukutani usishtuke, yatakufa koti likikauka. Chomeka kidole ndani sana. Ukisikia ubaridi wa unyevu, bado. Wengi huharibu kazi hapa. Wanapiga lipu koti likiwa bichi, unyevu unafungiwa ndani, majani yanaoza. Mwenye haraka atafanya kazi hii mara mbili.

LIPU NA UPENU

Koti likikauka, lipige lipu ya udongo. Mkono wa kwanza uwe mzito, udongo ukichanganywa na nyasi zilizokatwa fupi. Mkono wa pili uwe laini, udongo ukichanganywa na mchanga na mavi ya ng'ombe.

Udongo wa kijiji kimoja si sawa na wa kijiji kingine. Kwa hiyo hatukupi kipimo kimoja. Pima mwenyewe. Paka vipande vitatu vidogo ukutani. Cha kwanza, debe 1 la udongo kwa debe 1 la mchanga. Cha pili, debe 1 kwa 2. Cha tatu, debe 1 kwa 3. Ngoja wiki moja. Kilichopasuka kina udongo mwingi. Kinachopukutika ukikisugua kina mchanga mwingi. Kilichokaa imara ndicho chako.

Epuka kupiga saruji juu ya koti la udongo na majani. Saruji ni ngumu, udongo ni laini. Saruji hupasuka, maji huingia kwenye ufa, kisha hushindwa kutoka. Lipu ya udongo au ya chokaa hupumua, nayo hutengenezeka kwa urahisi kila mwaka baada ya mvua.

Nyumba nayo ivae kofia. Paa litokeze nje ya ukuta kwa sentimeta 60 au zaidi, hata baada ya ukuta kuongezeka unene. Kama upenu wako ni mfupi, urefushe kwanza, ndipo uvishe ukuta. Koti bila kofia halimalizi masika moja.

USIFUNGE HEWA

Hapa ndipo penye moyo wa somo letu. Nyumba ikishavaa koti, huhitaji tena kuziba kila tundu. Acha matundu mawili yasiyofungwa katika kila chumba cha kulala, kila moja likiwa na ukubwa wa tofali, karibu na dari, katika kuta zinazotazamana. Yafunike kwa wavu wa waya ili mbu na panya wasipite. Kila asubuhi fungua madirisha yote jua liingie. Toa blanketi na magodoro nje yaanikwe.

Utauliza, "Je, joto halitatoka kupitia matundu hayo?" Litatoka kidogo. Lakini kuta na dari zitakuwa na joto lake, na chumba hakitapoa kama zamani. Hasara hiyo ndogo ndiyo bei ya pumzi safi. Ilipe.

TAHADHARI NYINGINE NNE

Panya. Panya hupenda majani. Wilaya ya Lushoto ilisumbuliwa na ugonjwa wa tauni kuanzia mwaka 1980, na kwa zaidi ya miaka 20 ulirudi mara kwa mara. Tauni huletwa na viroboto wa panya. Kwa hiyo usiache majani yoyote wazi, kila mahali pafunikwe udongo. Usiweke mahindi darini. Ziba kila tundu la panya siku hiyo hiyo unapoliona. Ukiona panya wanakufa ovyo, usiwashike kwa mkono. Toa taarifa zahanati na kwa uongozi wa kijiji.

Moto. Majani yaliyopakwa udongo hayashiki moto upesi, lakini majani makavu yaliyorundikwa uani yanashika. Wakati wa kazi weka rundo mbali na jiko, na asiyeweza kuacha sigara akae mbali.

Mashimo. Umechimba udongo, shimo limebaki. Mvua ikinyesha litajaa maji. Mbu watazaliana humo, na mtoto anaweza kuzama. Lifukie kwa mawe, taka za shamba na udongo, au ulifanye shimo la mbolea lenye uzio.

Mavi ya ng'ombe. Ni mazuri kwa lipu, ni hatari kwa kidonda. Mwenye jeraha asiyakoroge. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kazi. Kamwe usipake mavi ya ng'ombe kwenye kitovu cha mtoto mchanga, maana yanaweza kuleta pepopunda.

MTOTO AKIUGUA, USINGOJE UKUTA UKAUKE

Nyumba nzuri hupunguza hatari, haiondoi yote. Jifunze kuhesabu pumzi za mtoto. Akiwa ametulia, halii, tazama kifua chake kikipanda na kushuka kwa dakika moja nzima. Tumia saa au simu.

Mtoto wa chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno.

Mtoto wa miezi 2 hadi asiyetimiza mwaka 1: pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno.

Mtoto wa mwaka 1 hadi asiyetimiza miaka 5: pumzi 40 au zaidi ni nyingi mno.

Mtoto mwenye kikohozi anayepumua hivyo huenda ana nimonia. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Akiwa kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya wala kunywa, au amelegea, kimbia naye, hata kama ni usiku. Nimonia inatibika kwa dawa ikiwahiwa.

Pia mpeleke mtoto kliniki apate chanjo zote. Chanjo ya kukinga nimonia inatolewa nchini tangu mwaka 2013, mtoto anapofikisha wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Na mnyonyeshe. Maziwa ya mama ni koti la ndani.

KAZI HII NI YA WENGI

Mtu mmoja hawezi kuivisha nyumba peke yake kabla ya mvua. Wazee wetu watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana. Kisha waliinuka wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Walianza kwa kusoma, wakamaliza kwa jembe.

Tufanye vivyo hivyo. Kaya 5 ziungane. Wiki hii nyumba ya mmoja, wiki ijayo ya mwingine. Anzeni na nyumba yenye mtoto mchanga, au ya mzee anayeishi peke yake. Vitu vya kununua ni vichache: waya, misumari na wavu. Vingine vyote ni jasho na ardhi yenu.

Juni itakuja tena. Siku hiyo mama ataamka usiku wa manane na kugusa ukuta. Ukuta hautakuwa baridi kama jiwe la mtoni. Atatazama juu, hakuna tone. Jiko liko nje, limezimwa. Watoto wanapumua polepole. Atajifunika na kulala.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni nyumba ngapi katika kitongoji chetu ambamo watu hulala na jiko la mkaa? Tutawaelezaje bila kuwaaibisha?

2. Udongo wa mfinyanzi unapatikana wapi kijijini kwetu? Mashimo yatafukiwa na nani?

3. Kwa nini blanketi la majani huwekwa nje ya ukuta, si ndani?

4. Nyumba ipi ianze, na siku gani?

Someni makala hii kwa sauti. Asiyejua kusoma asikilize, naye achangie. Halafu mpange siku ya kwanza ya kazi.